Afadhali Alama Kuliko Kidonda: Mazungumzo juu ya Kuondoa Tatuu kwa Njia za Kienyeji

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya mkutano wa vikundi vya kujisaidia. Wengi waliomba yaandikwe ili wale ambao hawakufika wayasome, na wale waliofika wayasome tena. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.



Tulipowaambia kwamba asubuhi hii tutazungumza juu ya tatuu, yaani ile michoro ya wino inayodungwa mwilini kwa sindano, tuliona baadhi yenu wakitazamana na kucheka. Mzee mmoja pale nyuma akauliza, "Hayo si mambo ya vijana wa mjini? Sisi tumekuja kusikia habari ya mbolea." Mzee wetu, mbolea tutaifikia, iko kwenye ratiba ya alasiri. Lakini tuvumilie kidogo, maana jambo hili limeingia mpaka katika stoo ya kikundi cha sabuni, na limekula pesa za mzunguko wa kina mama. Kwa hiyo si la mjini tena. Ni letu.

Tuanze na yaliyotokea. Kijana mwenyewe ametupa ruhusa tueleze, mradi tusitaje jina lake wala kijiji chake.

Kijana huyu alikuwa akiendesha bodaboda. Alipokuwa na miaka kumi na minane alichorwa jina la msichana kwenye mkono wa kushoto, karibu na kiwiko cha kiganja, pale tunapofunga saa. Mambo ya ujana. Msichana akaenda zake, jina likabaki. Miaka ikapita, kijana akaokoka, akapata mchumba, akaanza kuja kwa mikutano yetu. Sasa hapa tunataka tuseme ukweli, hata kama unatuaibisha. Katika semina moja ya vijana, sisi wenyewe tulisimama mbele tukazungumza juu ya watu wanaojichora mwili. Tulitania. Watu wakacheka. Kijana akavuta mkono wa shati lake chini, akanyamaza. Hatukujua.

Wiki ile ile alikwenda kwenye stoo ya mama yake. Mama ni mwanachama wa kikundi cha kutengeneza sabuni, na kostiki soda ya kikundi huwekwa kwake. Rafiki mmoja alikuwa amemwambia kwamba ile inachubua kila kitu. Akachota kijiko kimoja, akaikoroga na maji kidogo mpaka ikawa kama uji, akaipaka juu ya jina, akafunga na karatasi ya nailoni. Anasema mwanzoni hakusikia uchungu mkubwa. Alisikia utelezi, halafu joto. Akafikiri, "Kumbe ni rahisi hivi!" Akakaa nayo karibu saa nzima.

Alipofungua, ngozi ilikuwa imegeuka rangi na kuwa laini kama nyama iliyochemshwa. Akaogopa. Akapaka mafuta ya kupikia na majivu, akafunga kitambaa, akaficha. Siku tatu alificha, kwa sababu ya aibu. Siku ya nne harufu ndiyo iliyomwambia mama yake. Alipofikishwa hospitali ya kaunti alilazwa wiki kadhaa. Walikata nyama iliyokufa, wakamtoa ngozi ya paja na kumpandikiza mkononi. Kina mama wakasimamisha mzunguko wao ili kusaidia kulipa.

Na leo? Kovu limevuta mkono, kiganja hakikunjuki sawasawa. Mkono wa kushoto ndio wa klachi, na klachi haishikiki. Pikipiki imeuzwa. Na lile jina, ndugu zangu, halikuisha lote. Pembeni mwa kovu, herufi mbili bado zinasomeka.

Hatukumwambia atumie kostiki soda. Lakini tulimfanya aone haya ya mkono wake, halafu hatukumwonyesha njia yoyote ya salama. Ndiyo sababu leo tumeona tuzungumze.

Kwa nini wino hautoki kwa kusugua?

Ngozi ya mtu ina tabaka. Tabaka la juu ni jembamba, na mwili hulibadilisha kila baada ya wiki kama nne hivi. Tunalitoa kidogo kidogo tunapooga, na jipya linatoka chini. Kama wino ungekuwa hapo, tatuu ingeisha yenyewe kwa mwezi mmoja. Lakini sindano ya mchoraji huvuka tabaka hilo, ikaweka wino katika ngozi ya ndani, ile yenye mishipa ya damu, ya fahamu, mashina ya nywele na matundu ya jasho. Chembe za ulinzi wa mwili humeza ule wino na kukaa nao pale pale miaka na miaka.

Kwa hiyo chochote unachopaka nyumbani kina mambo mawili tu. Ama hakifiki kule ndani, na wino unabaki. Ama kinafika, na ili kifike ni lazima kiue ngozi yote iliyo juu ya wino. Hakuna njia ya tatu ya kienyeji. Na ngozi ya ndani ikishakufa, mwili hauwezi kuirudisha ilivyokuwa. Unaweka kiraka, na kiraka hicho ndicho tunachoita kovu. Anayesema "dawa hii inatoa tatuu bila alama" anauza maneno.

Njia zinazotumika, na hatari zake

Kwanza ni kostiki soda. Kina mama wa sabuni wanaijua kazi yake: inageuza mafuta kuwa sabuni. Sasa fikirini, chini ya ngozi yetu pia kuna mafuta. Inaendelea kuyayeyusha na kuteremka chini zaidi, hata baada ya kupanguswa kwa juu. Na kwa kuwa haichomi kwa ukali mara moja, mtu anaiacha muda mrefu. Mara nyingi huingia ndani kuliko asidi.

Pili ni asidi ya betri ya gari. Hii huchoma papo hapo. Ikiruka jichoni yaweza kupofusha. Watoto wa nyumba wakiikuta katika chupa ya soda, ni msiba mwingine.

Tatu ni moto: kisu kilichopashwa, msumari, au sigara. Mtu anadhani atachoma juu juu. Hakuna mkono unaoweza kupima hivyo. Na muelewe hili: moto ukifika ndani sana, mahali penyewe hapaumi, kwa sababu mishipa ya fahamu imekufa. Kidonda cha kuchomeka kisichouma si habari njema. Ni kibaya zaidi.

Nne ni kusugua kwa chumvi na msasa, au waya wa kusugulia sufuria. Hii ni njia ya zamani mno. Katika karne ya 6 tabibu Aetius, aliyeandika kwa Kigiriki, alieleza namna ya kuondoa tatuu kwa kuchubua na kuweka chumvi. Kwa hiyo imejaribiwa miaka zaidi ya 1,400, na bado inaacha kovu, mabaka, na wino nusu. Kidonda kilichosuguliwa kwa kitu kichafu huingiwa na uchafu kila mahali.

Tano ni krimu za kung'arisha ngozi. Hizi hubadilisha rangi ya ngozi ya juu. Wino uko chini, hauguswi. Nyingine zimechanganywa na haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali. Zebaki hupita kwenye ngozi na kudhuru figo. Steroidi kali huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Unaishia na tatuu ile ile juu ya ngozi iliyoharibika.

Sita ni mchoraji au fundi wa urembo anayedunga majimaji ya kuchoma ili "yasukume wino nje". Hapo una hatari mbili. Moja ni ya yale majimaji. Nyingine ni ya sindano, kwa maana sindano iliyotumika kwa mtu mwingine yaweza kuleta virusi vya ukimwi na homa ya ini ya aina ya B au C.

Yanayofuata baadaye

Watu huuliza habari ya siku ile ya kuondoa. Sisi tunataka mfikiri juu ya miezi na miaka inayofuata.

Kuna pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kwenye mavi ya wanyama. Kidonda cha kuchomeka chenye nyama iliyokufa ni makao mazuri kwao, na tukipaka majivu, udongo au kinyesi cha ng'ombe tunawapeleka kwa mikono yetu. Dalili huanza mara nyingi kati ya siku 3 na siku 21: taya kukaza, shingo kuwa ngumu, mwili kupinda. Pepopunda huua hata mtu akifika hospitali. Lakini ina chanjo. Mtu yeyote mwenye kidonda cha namna hii aulize zahanati kama anahitaji sindano ya pepopunda.

Kuna kovu linalovuta. Likiwa karibu na kiwiko, kiganja, vidole au shingo, linajikunja linapokauka, na kiungo kinafungwa. Ndiyo maana ni lazima kurudi kliniki kwa mazoezi ya viungo hata kama kidonda kimepona. Wengi hawarudi, kwa sababu nauli ni shida na wanaona wamepona.

Kuna keloidi, yaani kovu linalovimba na kuendelea kukua kupita mpaka wa kidonda. Sisi watu wa ngozi nyeusi tunazo zaidi kuliko wengine, hasa kifuani, mabegani, masikioni na kwenye taya. Hizo huwasha na kuuma. Na zikikatwa tu bila matibabu mengine mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko kwanza. Kama kwenu kuna mtu aliyepata keloidi kwa kutoboa sikio tu, wewe usijaribu kuchubua chochote.

Tena kuna kidonda kisichofunga. Kidonda juu ya kovu la kuchomeka, kinachofunguka na kufungika miaka mingi, chaweza kugeuka kuwa saratani ya ngozi. Usikizoee. Kikipita majuma machache bila kupona, kipeleke kionekane.

Mtu akishajichoma, tufanye nini?

Hapa tafadhali sikilizeni kama mnavyosikiliza habari za mkopo.

Kama ni unga mkavu wa kostiki, kwanza pangusa unga wote kwa kitambaa kikavu, halafu ndipo uoshe. Ondoa nguo iliyolowa, saa, pete na bangili. Wewe unayesaidia vaa glavu, au hata mfuko wa nailoni mkononi.

Mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka. Si kuchovya katika beseni, ni kumwaga yakitiririka. Kwa moto, dakika 20. Kwa asidi au kostiki, endelea zaidi, hata saa nzima. Tunajua maji ni taabu huku kwetu. Lakini siku hiyo mtungi wa lita 20 si wa kupika tena, na kama majirani wana mitungi, iitwe. Mwaga polepole kwa jagi, maji yaanguke chini, yasipite kwenye mwili mzima. Kama imeingia jichoni, fungua jicho na uoshe vivyo hivyo.

Usiweke ndimu wala siki ati "kuua kostiki". Usiweke dawa ya meno, mafuta ya kupikia, mayai, unga, asali wala majivu. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, halafu nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Beba chupa au mfuko wa kile alichotumia, wauguzi waone ni nini.

Na usimgombeze njiani. Yule kijana wetu alificha siku tatu kwa sababu aliogopa maneno kuliko kidonda. Zile siku tatu ndizo zilizouchukua mkono wake.

Kama mtu anataka kweli iondoke

Hatusemi kwamba haiwezekani. Tunasema isifanywe jikoni.

Tatuu ndogo yaweza kukatwa na daktari wa upasuaji kwa ganzi na kushonwa. Itabaki kovu, lakini ni kovu la mstari, safi, lililopangwa. Mashine ya leza nayo huvunja wino vipande vidogo ili mwili uuondoe. Inapatikana katika kliniki za ngozi za miji mikubwa kama Nairobi. Ni ya gharama, mtu hurudi mara nyingi kwa miezi mingi, na wino haumaliziki wote kila mara. Ngozi nyeusi inahitaji leza inayoifaa na mtu aliyeisomea, la sivyo huacha mabaka. Kwa hiyo anzeni kwa ofisa wa kliniki wa kituo chenu, awaelekeze kwa daktari wa ngozi. Msianze kwa tangazo la kwenye simu.

Njia ya bei ndogo kabisa ni kuiacha. Vaa shati la mikono mirefu siku unayotaka, endelea na maisha. Kijana anayeogopa kwamba ataachwa katika usajili wa makurutu kwa sababu ya tatuu, na ajiulize: mkaguzi atapenda zaidi mkono wenye jina, au mkono usiokunjuka? Makovu nayo huonekana.

Na sisi wa kanisa tuseme nini? Hatukuja kubishana juu ya Walawi 19:28, hilo ni somo la wachungaji wetu. Lakini angalieni. Kule Kwale kuna Wamakonde, ndugu zetu waliopewa vitambulisho vya Kenya mwaka 2016 baada ya kungoja miaka mingi. Kati yao kuna nyanya ambao nyuso zao zilichorwa tangu wakiwa wasichana. Je, nani kati yetu angemwambia nyanya kama huyo aende akauchubue uso wake ndipo apokelewe? Hakuna. Basi kijana naye apokelewe na mkono wake ulivyo. Kutubu ni kwa moyo, si kwa kostiki.

Kazi ya vikundi

Tunaomba kila kikundi kirudi nyumbani na mambo manne.

Kwanza, kikundi cha sabuni kiweke kostiki soda katika chombo chenye kifuniko cha kubana, kilichoandikwa SUMU, ndani ya sanduku la kufuli. Ufunguo ukae kwa mtu mmoja, na kila inapochotwa iandikwe daftarini, kama tunavyoandika pesa. Wenye gereji nao wafanye hivyo kwa asidi ya betri. Isitiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji.

Pili, mhudumu wa afya wa kijiji aalikwe siku moja aonyeshe huduma ya kwanza ya mtu aliyechomeka. Dakika 30 zinatosha.

Tatu, wanachama wote wajiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024. Kujiandikisha hakulipishwi. Tusingoje mgonjwa akiwa mlangoni ndipo tuanze kutafuta kitambulisho. Na pesa za dharura za kikundi zisichanganywe na pesa za mzunguko, ili siku ya msiba kina mama wasipoteze zamu zao.

Nne, tuache kutaniana juu ya miili. Sisi tumeanza na sisi wenyewe. Tulikwenda nyumbani kwa yule kijana, tukakaa na mama yake, tukaomba msamaha. Hakutugombeza. Alituuliza tu kama tunajua kazi ambayo mtu anaweza kuifanya kwa mkono mmoja na nusu. Tangu mwezi uliopita anauza sabuni za kikundi sokoni na kushika daftari la mauzo. Si pikipiki, lakini ni kazi, na daftari lake ni safi kuliko letu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, kostiki soda na asidi ya betri hukaa wapi? Nani anaweza kuzifikia?
2. Mtu akichomeka usiku, maji yatatoka kwa nani, na gari au pikipiki kwa nani?
3. Kuna kijana kati yetu anayeficha kidonda au alama kwa sababu ya maneno yetu? Tutamwendea namna gani?
4. Ni vitu gani tulizoea kupaka kwenye kidonda cha kuchomeka ambavyo sasa tutaacha?

Sasa tunywe chai, halafu mzee wetu apate mbolea yake.